Ndoo ya Pole

Hadubini ya maabara ya Ziwa Hai ilikuwa na maneno mengi kuliko wafanyakazi wake. Ukiiwekea kipande cha pezi inakuambia ni samaki gani, ana umri gani na ameugua nini, na ukiiachia nafasi itakuambia na bei yake sokoni. Sasa asubuhi hiyo Nyangeta Bwire aliiwekea pezi la ningu, samaki wa ziwani huko nje, aliyevuliwa mbali kabisa na vizimba vya kampuni, na ile mashine ikanyamaza. Ikazungusha lenzi zake, ikawasha taa na kuzima, mwisho ikasema kwa ile sauti yake ya kike yenye adabu, "Samahani Dokta. Huyu aliye juu ya pezi simtambui."

"Humtambui nini?" Nyangeta akaifokea. "Siku zote unawataja mpaka unatuchosha, leo humtambui!"

Akaizima sauti, akainama kuangalia mwenyewe.

Juu ya pezi alikuwepo mnyoo bapa, mdogo kiasi kwamba ukimweka juu ya ukucha humwoni. Amejikita kwa kulabu za mkiani, na mbele anajinyoosha huku na huku akitafuta pa kula. Hapo hapakuwa na jipya. Tumboni mwake mlikuwa na binti aliyekunjwa, kulabu zake zimeshakomaa, na tumboni mwa binti, ukiutega mwanga vizuri, mlikuwa na mjukuu. Ndivyo wanavyozaa hawa: binti anazaliwa na mimba yake tayari. Nyangeta alikuwa akiwaonyesha wageni wa kampuni jambo hilo kila mara, na wageni walikuwa wakishika vinywa na kusema Mungu mkubwa.

Kilichomtoa jasho kilikuwa nyuma kidogo ya koo la yule mama. Palikuwa na kifuko cha mviringo, na kwenye mdomo wa kifuko mwiba mmoja mkubwa uliopinda, na chini ya huo mwiba safu ya miiba midogo iliyojipanga kama meno ya kitana. Kiungo cha kiume. Akasogeza lenzi nyuma zaidi, akakuta kitu cha pili: mfuko wa kupokelea mbegu, na haukuwa umezibwa, na ulikuwa umejaa.

"Wewe," akamwambia mnyoo, "wewe ni mtoto wa nani?"

Lakini alijua. Akabadilisha mwanga ili kujihakikishia tu, na zile kulabu za mkiani zikawaka buluu. Hakuna mnyoo yeyote duniani aliyezaliwa na kulabu za buluu isipokuwa wale waliotengenezwa humo humo chumbani, na waliozitia rangi hiyo ni Nyangeta na wenzake, ili siku wakipotea wajulikane. Basi siku ndiyo hiyo.

Watu wa ghuba waliwaita wauguzi. Ziwa lilipopata joto, magonjwa mawili yaliingia vizimbani. Upande wa mashariki sato walikuwa wanapofuka, na upande wa magharibi wanaota vidonda, na kote kote wanakufa na kuelea matumbo juu. Nani angemchoma sindano sato mmoja mmoja? Ndipo Ziwa Hai walipomchukua mnyoo ambaye kazi yake tangu kuumbwa ni kutoboa ngozi ya samaki, wakamfundisha kuacha chanjo pale anapotoboa. Mnyoo mmoja hakuweza kubeba chanjo zote mbili. Wakatengeneza mistari miwili, mmoja wa Mashariki, mmoja wa Magharibi.

Na kwa kuwa kila mtu aliogopa minyoo wakizaana hovyo, Nyangeta akapewa kazi ya kuwafunga uzazi. Kila mnyoo wa aina hiyo ni mume na mke kwa pamoja, kwa hiyo kuna pa kukata pawili. Wa Mashariki akawaondolea kiungo cha kiume, akawaachia mfuko: wanaweza kupokea, hawana cha kutoa. Wa Magharibi akawaachia kiungo, akawaziba mfuko: wanaweza kutoa, hawana pa kupokelea. Weka maelfu ya mstari mmoja katika kizimba kimoja, hakuna atakayempata mwenzake. Watazaa peke yao, mama, binti, mjukuu, kila kizazi dhaifu kuliko kilichotangulia, na msimu ukiisha wameisha, na mfugaji ananunua wapya. Profesa Mshana, mkurugenzi, alikwenda nao mpaka Ulaya akiwatambulisha kama minyoo wenye nidhamu. Nyangeta alipata nishani. Ilikuwa kazi nzuri, na tusimnyime haki yake, ilikuwa kazi nzuri kweli.

Ilikuwa na tundu moja. Wa Mashariki akikutana na wa Magharibi kwenye ngozi ya samaki mmoja, watoto watapata kwa huyu kile walichokikosa kwa yule, na watazaliwa kamili. "Lakini watakutania wapi?" Mshana alikuwa akiuliza mikutanoni, mikono ameikunjua. "Samaki wa kizimba hiki haingii kizimba kile. Mkataba unakataza." Na watu walipiga makofi.

*

"Umemwambia nani?" Mshana aliuliza, kabla hata Nyangeta hajakaa.

"Nimekuambia wewe."

"Vizuri." Profesa akasimama dirishani. Huko chini ghuba ilikuwa imetulia, vizimba vimejipanga safu kwa safu, droni za doria zikizunguka juu yake. Hakuwa mtu mbaya, Mshana. Alikuwa mtu aliyezoea mambo kumwendea vizuri, na watu wa namna hiyo yakiharibika hawajui pa kushika. "Ningu mmoja, Nyangeta. Mnyoo mmoja."

"Nimerudi nikaangalia ningu wote wa wiki hii. Ngozi zao zimechunika, Profesa. Hawa wapya hawadhoofiki. Wana nguvu kuliko wazazi wao, na hawaachi chanjo yoyote, wanakula tu. Na sasa hivi sato wachanga wamejaa kwenye matete. Mvua za kwanza zikinyesha, maji yanapanda, wale wachanga wanatoka kwenda ziwa kuu. Wakitoka na minyoo mgongoni, hakuna wa kuwarudisha. Siyo ghuba tena, ni ziwa zima."

"Dawa yake?"

"Kuna vizimba humu vimechanganywa samaki wa pande mbili. Huko ndiko wanakozaliwa. Tukivitia chumvi hivyo, tukaua kila samaki aliyemo, kabla ya mvua, tutakuwa tumekata mzizi. Hao wachache walioko nje hawatoshi kujiendeleza, watakwisha. Vizimba vingine havina shida."

"Ni vizimba vipi hivyo?"

"Sijui. Tukipima kimoja kimoja, mvua itakuwa imekuja na kuondoka."

Mshana akageuka. "Kwa hiyo waulizwe wafugaji. Na mfugaji akisema ndiyo, nilihamisha samaki, amevunja mkataba. Hapo mikono yangu imefungwa. Hana fidia, na kizimba kinarudi kwa kampuni. Hilo silitungi leo, walilitia dole gumba wenyewe." Akasita. Sauti ikashuka. "Au ningu wamepatwa na maradhi ya porini, kama samaki wa porini wanavyopatwa kila mwaka. Na wewe unarudi mezani kwako."

Nyangeta naye akaangalia dirishani. Alikuwa anawafikiria wale wafugaji. Upande wa mashariki, kijiji cha Nyakasenda, ndiko alikozaliwa. Kizimba cha tatu kutoka gatini kilikuwa cha mama yake, na mama yake hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mume. Alikuwa na kizimba hicho basi.

"Itisha mkutano," akasema hatimaye. "Usipoitisha wewe, nitapeleka hadubini kwa serikali, na wataitisha wao."

"Ni watu wako hao," Mshana akamwambia kwa upole, na ule upole ulimuuma kuliko kama angekaripiwa. "Siyo wangu."

*

Mama yake alikuwa ukingoni mwa kizimba akiwamwagia sato chakula. Watu walimwita Mama Nyangeta, jina la kumheshimu kwa kifunguamimba wake, ingawa huyo kifunguamimba alikuwa haonekani. Boti ya kampuni ilipogonga gati hakuinua hata uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini hamli?"

"Tunakula, mama."

"Mnakula nini, hewa?" Akarusha chakula kingine. "Haya, pita, usisimame hapo kama mkaguzi."

Nyangeta akacheka, akapita kwenye ubao, akainama juu ya maji. Sato walikuwa wanagombania chakula, migongo inapishana. Na kucheka kukamkauka mdomoni. Sato wote wa Mashariki walikatwa alama mkiani walipokuwa vifaranga, na wa Magharibi pezi la mgongoni. Mle kizimbani mwa mama yake walikuwemo waliokatwa mkia na waliokatwa mgongo, wanaogelea pamoja, wanasuguana ubavu kwa ubavu.

"Mama. Hawa wa ng'ambo wamefikaje humu?"

"Wamekuja na ndoo."

"Ndoo gani?"

Mama Nyangeta akaweka chini bakuli la chakula. Akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu afike, na haukuwa mtazamo wa kumkaribisha. "Ndoo ya pole. Baba yako alipofariki watu walikuja wakajaa, si unajua alivyokuwa na watu? Nao walikula. Matanga yalipoisha kizimba kilikuwa kitupu, nimebaki na nyavu. Asubuhi yake majirani wakaleta ndoo. Wa huku na wa ng'ambo. Ungekuwepo ungeona."

Hilo lilikuwa linasubiri siku nyingi. Nyangeta hakumzika baba yake. Juma lile lile ndilo walilokuwa wanawamwaga wauguzi wa kwanza ziwani, yeye ndiye mwenye kazi, na Mshana alimwambia nenda tu, sisi tutajitahidi bila wewe, kwa sauti ya mtu asiyetaka uende. Alikuja baada ya arobaini na zawadi nyingi.

"Zamani ilikuwa unga na dagaa wakavu," mama akaendelea. "Wewe ulipoondoka hapa ndivyo ilivyokuwa. Vizimba vilipokuja, ikawa ndoo. Inaletwa imefunikwa kanga, inamwagwa kizimbani bila kufunuliwa. Aliyeleta hasemi kaleta. Aliyepokea hashukuru. Ukishukuru umeifanya deni, na msiba haudaiwi."

"Na mkataba? Mlisomewa, mama. Samaki asihamishwe."

"Tulisomewa tusiuziane. Tusiibiane. Hiyo ndoo nani angeifikiria? Mwenzako amefiwa, unamwambia pole, kuna mkataba?"

Nyangeta akakaa juu ya ubao. Akamweleza mama yake yote. Alimweleza kama anavyowaeleza wageni, kwa vidole: huyu anatoa hapokei, huyu anapokea hatoi, nilihakikisha hawakutani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, na hakuwa mwanamke wa kushindwa kuelewa.

"Yaani mliwatengeneza wasiwe na mwenza," akasema.

"Ili wasilete madhara."

"Na mkawaleta kuwaweka kwetu." Akatikisa kichwa. "Hukumwambia huyo profesa wako sisi ni watu wa namna gani?"

"Sikujua kuhusu ndoo, mama!"

"Hukujua." Mama akalirudia neno hilo taratibu. "Ungejuaje? Tangu uende tumemzika Mzee Majura, hukuja. Tumemzika Manyama na mkewe, boti moja, siku moja, hukuja. Nyasinde binti wa Mzee Maregesi, aliyekubeba mgongoni, alifia uzazini, mtoto naye akamfuata. Maregesi alilia kama ng'ombe. Hukuja. Bi Kurwa. Masige fundi nyavu. Wa huku na wa ng'ambo, ndio hao wote, na hakuna aliyebaki na kizimba kitupu, hata mmoja. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na watu, Dokta."

Alimwita Dokta, na hakuwahi kumwita hivyo. Nyangeta alisikia majina yale yakimwingia moja moja, na kabla hajaweza kujizuia, akili yake, ile akili iliyompa nishani, ilikwisha kuyapanga. Waliofiwa ndio waliopokea ndoo. Hakuna mwingine anayepokea. Vizimba vilivyochanganywa ni vya nyumba zenye misiba, na nyumba zenye misiba ndizo hizo mama yake amezitaja. Aliona aibu, akaangalia pembeni.

"Mama, mkutanoni mkiulizwa, semeni. Kila aliyepokea aseme. Nitawapigania fidia, nitakwenda mpaka wizarani."

"Ndoo haisemwi, mwanangu. Maregesi akisimama kusema alipokea, lazima aseme na kwa nani. Atakuwa amemfungia mwenzake kizimba kwa sababu alimpa pole."

"Na tusiposema, ziwa linakufa. Siyo la kampuni, hili hili mnamooga. Ningu, furu, sato wa porini, wote. Baada yake na vizimba. Mtanipa pole ya nini wakati huo?"

Mama Nyangeta aliyatazama maji muda mrefu. Sato walikuwa wametulia, wameshiba.

"Nimekusikia," akasema. "Njoo ule."

*

Mkutano ulifanyika katika ghala la barafu la kampuni, kwa kuwa ndilo lenye kivuli cha kuwatosha watu wote, wa Nyakasenda na wa ng'ambo. Profesa Mshana alizungumza vizuri. Alieleza hatari, akaonyesha picha ya ningu aliyechunika, watu wakaguna. Akaonyesha picha ya mnyoo na safu yake ya miiba, na mama mmoja kule nyuma akauliza kwa sauti, "Hicho ndicho nini hicho?" Jirani akamjibu sikioni, na wanawake wote wa upande ule wakaangua kicheko. Hata Nyangeta alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha mwisho cha siku hiyo.

"Sasa nauliza," Mshana akasema. "Nani alihamisha samaki, au alipokea samaki kutoka kizimba kingine? Nimeshawaambia na masharti, siwafichi."

Wazee walitazama vidole vya miguu yao. Mzee Maregesi, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti, alifumba macho kama anasali. Huko nje mawingu yalikuwa yameanza kushikana upande wa mlima, na Nyangeta aliyaona kupitia mlango.

"Hakuna?" Mshana akasema, na ungemsikiliza vizuri ungesikia faraja sautini mwake. "Basi kama hakuna..."

"Ni mimi."

Mama Nyangeta alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kanisani na kanga amejifunga kiunoni, na hakumwangalia mwanawe kabisa.

"Niliiba," akasema. "Mume wangu alipofariki nilibaki na kizimba kitupu. Nikachukua mtumbwi na wavu, nikaiba kwa majirani wa huku, nikavuka nikaiba na ng'ambo. Nikawatia kwangu. Nilifanya peke yangu, hawa hawajui lolote. Mje mchukue kizimba, mtie hiyo chumvi yenu, yaishe."

Ghala zima lilijua ni uongo. Mwanamke yule aliogopa maji marefu, mtumbwi alikuwa anausindikiza kwa macho tu. Lakini pumzi ilitoka vifuani mwa watu, pumzi ndefu iliyobanwa tangu asubuhi, na jirani yake akamshika mkono akaubana. Mama mwingine alijifunika uso kwa upande wa kanga akalia kimya kimya. Walikuwa wanapokea ndoo nyingine, kubwa kuliko zote, na kama kawaida hakuna aliyeshukuru.

Mshana alimgeukia Nyangeta. Uso wake ulikuwa unasema wazi: kubali. Mwizi mmoja, kizimba kimoja, kampuni haina lawama, kijiji kimepona, mama yako atalishwa na watu hawa mpaka anaingia kaburini. Nini zaidi?

Na Nyangeta alitaka kukubali, Mungu ni shahidi wake. Aliwaza kwamba anachotakiwa kufanya ni kutokufanya kitu, kukaa tu alipokaa. Chumvi itamwagwa kizimba cha tatu kutoka gatini. Kwa Mzee Majura, kwa Manyama, kwa Maregesi, mama mnyoo atazaa binti mwenye mimba, na binti naye atazaa, na miiba yao midogo itafanya ile kazi aliyodhani ameifuta. Mvua itanyesha. Mwakani watu hawa watakuwa na vizimba vyao na heshima yao, na ziwa lisilo na kitu ndani yake. Mama yake alikuwa amemsikia, kama alivyosema. Alisikia, akapima, akachagua watu.

Nyangeta akasimama. Akashika ukingo wa meza.

"Mama anadanganya," akasema.

Huwezi kumwambia mama yako hivyo. Hata kama mko wawili chumbani, unatafuta neno lingine, unasema mama amesahau, mama amechanganya. Yeye alilisema mbele ya kijiji na mbele ya ng'ambo, na lilisikika mpaka mlangoni. Mtu mmoja akasema "Ee!"

"Hakuiba. Aliletewa," Nyangeta akaendelea, na sauti yake akaisikia kana kwamba ni ya ile hadubini. "Na siyo yeye tu. Vizimba vya kutiwa chumvi ni hivi. Cha marehemu baba yangu, Bwire. Cha marehemu Mzee Majura. Cha marehemu Manyama na mkewe."

"Nyangeta," Mzee Maregesi alimwita. Hakupandisha sauti. "Hao unaowataja ni marehemu wetu, mama. Wamelala. Usiwaite hapa."

"Cha nyumba ya Nyasinde," Nyangeta akasema, machozi yanamshuka na hakuyafuta. "Binti yako, baba. Nisamehe. Cha nyumba ya Nyasinde."

Mzee alifumba macho tena. Fimbo ilimponyoka ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kumwokotea. Mshana alikuwa ameacha kutazama watu, anatazama vyeti vya kampuni ukutani kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Mama Nyangeta bado alikuwa amesimama. Alijifungua kanga kiunoni, akaikung'uta, akajifunga upya taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi na sasa anapokea watu nyumbani. Kisha akamtazama mwanawe, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Nyangeta angeipokea hasira kwa mikono miwili. Ulikuwa ule uso wa adabu, uso wa barazani, anaouonyesha kwa maofisa wa kampuni, wakaguzi na watu wa sensa.

"Mgeni amesimama muda mrefu," akawaambia watu. "Mpeni kiti."

Hakuna aliyesogea. Basi Mzee Maregesi akainuka mwenyewe, polepole, bila fimbo, akabeba kile kiti alichokuwa amekikalia. Akakileta mpaka mezani, akakipangusa vumbi kwa kiganja kama anavyofanyiwa mtu aliyetoka mbali, akakiweka nyuma ya Nyangeta.

"Karibu, Dokta," akasema.

Nyangeta akakaa kwenye kiti cha mgeni, kwa sababu majina yalikuwa hayajaisha.